Somo: Unahamia Arusha? Chagua maji na njia kwanza, nyumba baadaye

Nyumba yangu ya kwanza Arusha niliipendea dirisha la jikoni. Ilikuwa Januari 2015. Dalali alinipandisha Ilboru mpaka lami ikaisha, akafungua pazia, na Mlima Meru huo hapo, wote, umesimama bila hata kiwingu. Mimi mtu wa Tanga, macho yamezoea bahari, nikaduwaa. Kodi ya miezi sita nikalipa siku hiyohiyo, na bomba lililokuwa chini ya dirisha lile wala sikulifungua.

Machi mvua zikaanza. Bodaboda akawa ananishusha lami inapoishia, nakwea nimebeba viatu mkononi. Juni mlima wenyewe ukapotea. Wiki nzima unachungulia dirishani huoni hata migomba ya jirani. Ukungu nje, ukungu ndani: viatu nilivyoolewa navyo nilivitoa chini ya kitanda vimeota manyoya ya kijani. Na bomba? Lilikuwa linatoa maji mara mbili kwa wiki, saa nane za usiku.

Tangu hapo nimehama mara tatu ndani ya mji huuhuu, na nimewatafutia nyumba wadogo zangu, wafanyakazi wenzangu na shemeji mmoja asiyeridhika na chochote. Somo hili ni la anayekuja kupanga, awe amehamishwa kikazi, amepata chuo au ameamua tu kubadilisha hewa. Ningeambiwa haya mapema ningebaki na viatu vyangu.

KABLA YA YOTE: MLIMA UNAVYOUGAWA MJI

Meru una mita zaidi ya 4,560 na uko kaskazini mwa mji. Sisi tumejenga miguuni pake, upande wa kusini. Upepo wenye unyevu unatoka baharini, yaani kusini mashariki. Ukifika mlimani unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mvua. Ndiyo maana Ilboru, Sekei, Moivaro na Tengeru ni kijani mwaka mzima. Ukizunguka kwenda magharibi, Kisongo, au ukipita Ngaramtoni kuelekea Oldonyo Sambu, mlima umeshaikinga ile mvua: nyasi fupi, ng'ombe, vumbi. Safari yenyewe haifiki hata saa moja kwa gari, lakini utadhani umebadilisha mkoa.

Halafu kuna kupanda na kushuka. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), unaotua wageni wengi, uko mita 894 juu ya usawa wa bahari. Uwanja mdogo wa Kisongo uko mita 1,387. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo kati ya viwanja hivyo viwili kuna tofauti ya karibu nyuzi 3. Mgeni anatua KIA na shati la mikono mifupi, akifika Sakina anaulizia sweta. Na Ilboru ya juu bado iko juu ya Sakina.

Kwa hiyo dalali akikwambia "nyumba ipo Arusha", swali lako la kwanza liwe: juu au chini, na upande gani wa mlima?

HATUA YA 1: ANZA NA UNAKOKWENDA KILA ASUBUHI

Mji una uti wa mgongo mmoja: barabara itokayo Moshi kwenda Namanga. Inapita Usa River, Tengeru, Kimandolu, Sanawari, Sakina, Ngaramtoni. Kipande cha Sakina mpaka Tengeru, kilomita 14.1, kina njia nne. Kutoka katikati kuna barabara ya Sokoine inayokwenda Kisongo na Dodoma, na nyingine inashuka Njiro. Kisha kuna barabara ya mchepuko, kilomita 42.4, inayouzunguka mji kwa kusini bila kuingia katikati. Wengi wetu tunaiita baipasi.

Kanuni yangu ni moja: kaa upande uleule ilipo kazi yako, ili asubuhi usilazimike kuukata mji katikati. Ukiwa kwenye ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, AICC (kituo cha mikutano cha kimataifa) au hospitali ya Mount Meru, tafuta Sekei, Sanawari, Kijenge, hata Kaloleni. Wa Taasisi ya Nelson Mandela au chuo cha maendeleo ya jamii Tengeru aangalie Tengeru kwenyewe, Usa River au Kimandolu. Chuo cha Uhasibu ni Njiro. Kazi za utalii zinazotegemea uwanja wa Kisongo zinakupeleka Burka, Olasiti, Kisongo.

Foleni za Sanawari kwenye mataa na pale Kijenge utazizoea. Usizozizoea ni siku za wakuu. Wakija marais kwenye mkutano, barabara za katikati zinafungwa bila taarifa ya kueleweka, na mtu wa Njiro anayefanya kazi Ngaramtoni anafika saa nne na nusu akiwa na hadithi.

Kama huna gari, uliza jambo moja zaidi: kifodi cha mwisho kinapita saa ngapi? (Kifodi ni haisi, daladala yetu ya huku.) Baadhi ya njia zinakauka mapema, na baada ya hapo ni bajaji au bodaboda kwa bei atakayojisikia.

HATUA YA 2: CHAGUA JUU, KATI AU CHINI

Juu ni Ilboru na Sekei ya ndani. Migomba, kahawa, ndege asubuhi, hewa ambayo ndugu wa Dar wakija wanakaa tu barazani wanaivuta. Nyumba nyingi zimejengwa ndani ya mashamba ya familia za Waarusha, kwa hiyo utakuwa na mwenye nyumba, kaka yake na bibi yao wote ua mmoja. Mimi hilo lilinifaa sana, bibi alinifundisha kukamua mbuzi. Kisichofaa ni unyevunyevu na utelezi. Ukienda kuangalia nyumba ya juu, fungua kabati la ukutani, ingiza kichwa ndani, vuta pumzi. Kabati litakwambia ukweli ambao mwenye nyumba hatakwambia. Kisha tazama pembe za dari: rangi ikiwa mpya kwenye pembe moja tu, wamefunika kitu. Na uliza ni vyumba gani vinapigwa na jua, kwa sababu nguo za mtoto mwezi wa saba zinaweza kukaa kambani siku tatu.

Kati ni Sakina, Sanawari, Kijenge, Kimandolu, Themi, Njiro. Asiyejua pa kuanzia aanzie hapa. Usafiri upo, duka lipo, baridi ni ya kuvumilika. Njiro inauza jina lake, na utalilipia.

Chini ni Olasiti, Muriet, Kwa Mrombo, Terrat, na Kisongo kwa upande wake. Kodi inashuka kadiri unavyoshuka. Viwanja vikubwa, nyumba mpya, jua la kutosha. Agosti mpaka Oktoba ni vumbi. Unafagia asubuhi, mchana unaandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Masika ni tope. Lakini nikwambie kitu ambacho kilinichekesha nilipohamia huko: mlima unaonekana vizuri zaidi kutoka chini kuliko Ilboru. Kule juu umeuegemea, huuoni. Anayetaka Meru dirishani akae tambarare.

HATUA YA 3: MAJI, NA HAPA TUKAE KIDOGO

Utawaona watu wazima, wazuri, wamesoma, na meno yao yana rangi ya kahawia. Si uchafu, wala hawajaacha kupiga mswaki. Ni floridi. Meru ni mlima wa volkano, miamba yake ina madini hayo kwa wingi, na maji yakipita humo yanayayeyusha. Kwa kawaida chemchemi za juu mlimani huwa na kidogo, kisha kiasi kinaongezeka kadiri maji yanavyosafiri chini ya ardhi. Upande wa Ngare Nanyuki, kaskazini mashariki, tatizo ni kubwa hasa.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, kwa kuwa maeneo mengine yasingebaki na maji ya kunywa kabisa, kabla ya kushuka nasi kwenye 1.5. Hatari kubwa ni kwa watoto chini ya miaka minane, maana meno ya kudumu yanajengwa ndani ya fizi wakati huo. Mtu mzima anayehamia leo, meno yake hayatabadilika rangi. Kunywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi ndiko kunakofika mpaka kwenye mifupa.

Haya nimeyajua kwa gharama. Nyumba yangu ya pili ilikuwa tambarare, ina kisima, na mwenye nyumba aliniapia kwamba maji yamepimwa, "safi kabisa, yanazidi ya chupa". Yalikuwa meupe, matamu, baridi. Mwanangu aliyanywa tangu ana miaka mitatu mpaka sita. Meno yake ya mbele ya kudumu yalipotoka yalikuwa na mabaka meupe kama chaki. Daktari wa meno aliniuliza swali moja tu: mnakunywa maji gani?

Kwa hiyo fanya hivi. Uliza maji yanatoka wapi: ni ya AUWSA (mamlaka ya maji ya mji), ni ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani, yanayosimamiwa na kamati ya kijiji, au ni kisima cha ndani? Kama ni kisima, omba karatasi ya vipimo na uangalie mstari wa floridi, siyo ule wa bakteria peke yake. Karatasi haipo? Chukua chupa ya maji upeleke maabara ya maji, gharama yake haifiki hata sehemu ndogo ya kodi unayotaka kulipa. Macho na ulimi havitakusaidia, floridi haina rangi wala ladha wala harufu. Ule ukoko mweupe kwenye birika ni chokaa, hauna uhusiano.

Halafu uliza yanatoka siku ngapi kwa wiki. Maji ya bomba mjini yameongezeka baada ya mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, lakini mtaa na mtaa havilingani. Usimuulize dalali. Muulize mama mwenye genge hapo nje, kisha inua macho uhesabu simtanki juu ya mapaa. Mtaa wenye simtanki kila nyumba umeshakujibu.

HATUA YA 4: TAFUTA KORONGO LILIPO

Mvua inayonyesha mlimani inashuka kwetu. Mto Themi, Naura, Burka na makorongo yasiyo na majina yanapita katikati ya makazi. Kiangazi korongo ni njia ya mkato, watoto wanacheza humo, watu wanachimba mchanga. Ubaya wake ni kwamba unaweza kuwa na jua kwako, mvua inapiga juu, na maji yakakufikia yakiwa na mawe na magogo. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo upande wa Muriet na watoto wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo sipangi mahali ambapo mtoto analazimika kuvuka korongo ili kufika shule. Hilo halina mjadala kwangu hata nyumba iwe ya bure.

Ukifika kwenye nyumba, tembea mita mia mbili kila upande. Tazama ukuta wa fensi kwa nje: mstari wa tope uliokaukia usawa wa goti ni maji ya mwaka jana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Utaziona nyumba zilizo ndani ya hizo mita, zina geti zuri na kodi yake ni nafuu. Unafuu huo una sababu.

HATUA YA 5: NENDA MARA TATU

Mara ya kwanza na dalali, mchana. Mara ya pili peke yako, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na utoke hapo kwenda kazini kwa usafiri utakaotumia kweli. Mara ya tatu usiku au, ukibahatika, siku iliyofuata mvua. Anayekuja Januari au Februari asidanganywe na mbingu. Hiyo ndiyo miezi mji unapopendeza. Mwenye uhuru wa kuchagua aje kuangalia nyumba Aprili. Utaiona barabara ilivyo, paa linavuja wapi, na utapata punguzo kwa kuwa wengine wote wamejifungia ndani.

HATUA YA 6: DALALI NA KARATASI

Hapa sina mengi, mambo ni yaleyale ya miji mingine. Mwezi mmoja wa dalali upo, hela ya kuonyeshwa ipo, patana kabla hujapanda pikipiki. Lipa miezi mitatu ukiweza, usikubali mwaka kwenye nyumba ambayo hujalala. Mkataba upitie ofisi ya serikali ya mtaa, na mita ya LUKU iwe yako peke yako. Huku watu wanaogea maji ya moto, na ukichangia mita na jirani mwenye hita mtagombana kabla Julai haijaisha.

HATUA YA 7: USINUNUE KIWANJA MWAKA WA KWANZA

Najua utashawishika. Kila mtu hapa anamjua mtu anayeuza. Lakini ardhi ya juu nyingi ni ya ukoo. Anayekuuzia anaweza kuwa na haki nayo, na ndugu zake saba wakawa nayo pia. Vilevile ujue mipaka: Ilboru na Ngaramtoni ziko Halmashauri ya Arusha, Usa River na Tengeru ziko Halmashauri ya Meru, Njiro iko Jiji. Ofisi ya ardhi utakayoiendea inategemea hilo. Panga kwanza, upitishe masika moja na baridi moja, ndipo ufungue pochi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (nesi, anahamia kutoka Mtwara): Dada, nimepata nyumba Usa River yenye kisima, nina watoto wa miaka miwili na mitano. Nikiyachemsha vizuri hayo maji si yatatosha?

Jibu: Hapana, mdogo wangu, kwa floridi kuchemsha kunaharibu zaidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale, kwa hiyo kila lita inakuwa kali kuliko ilivyokuwa. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, lakini ujue ni kazi nyingine. Kinachopunguza floridi ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe (huko kwenu karibu, Ngurdoto, kuna kituo cha serikali kinachofanya utafiti huo kwa miaka mingi) au mashine za kusukuma maji kwenye utando mwembamba, kama wanazotumia wauza maji ya madumu. Mkaa wa mifupa unachoka, lazima ubadilishwe, na watu wengi husahau hapo. Pima kisima kwanza. Ikionekana kimezidi, maji yake yawe ya kuogea na kufulia, ya kunywa na kupikia mnunue. Kwa watoto wa umri huo usibahatishe.

Swali (fundi umeme, Mwanza): Mimi kazi ni Tengeru, mama watoto kapata kazi katikati ya mji. Tukae wapi ili asilalamike mtu?

Jibu: Kimandolu, kaka. Mmoja anakwenda kulia, mwingine kushoto, na wote mko kwenye barabara ya njia nne. Moshono pia inafaa mkiwa na usafiri wenu. Tengeru kwenyewe utapata nyumba kubwa zaidi kwa hela hiyohiyo, na Jumamosi una soko mlangoni, ila mkeo ndiye atakayekaa kwenye foleni, kwa hiyo usimwamulie.

Swali (mzazi, Dodoma): Mwanangu ana pumu. Wengine wanasema hewa ya mlimani itamponya, wengine wanasema baridi itammaliza.

Jibu: Daktari wake ndiye wa kuamua, mimi nakupa macho ya mpangaji tu. Juu kabisa kuna ukungu wa kwenye kuta, chini kabisa kuna vumbi, na vyote viwili vinasumbua kifua. Ningetafuta kati, nyumba yenye jua chumbani kwa mtoto, sakafu ya vigae, na barabara ya lami mbele ya geti. Huyo mtoto ndiye sababu ya kunusa makabati mawili badala ya moja. Kamwone pia jirani anapikia nini. Moshi wa kuni unaoingia dirishani kila jioni hutauona kwenye picha za dalali.

Swali (mwanafunzi, Kahama): Nimechaguliwa Chuo cha Uhasibu. Njiro bei ya vyumba iko juu. Nikapange Sakina, nimesikia ni rahisi?

Jibu: Sakina utaukata mji mzima kila siku, mwanangu. Chukua daftari: nauli ya kwenda na kurudi, mara siku 22 kwa mwezi, jumlisha na kodi. Ukibadilisha kifodi katikati, zidisha mara mbili. Ile tofauti ya kodi inaliwa na nauli na unabaki na uchovu. Bora mchange wawili chumba kikubwa Njiro ya ndani, au mshuke Kwa Mrombo. Kwa Mrombo jihadhari na kitu kimoja, nyama choma. Pesa ya mkopo huishia pale.

Swali (bila jina): Huu mlima si ni volkano? Ukilipuka?

Jibu: Ni volkano iliyolala. Mara ya mwisho kufanya kishindo kidogo ni 1910. Ulio macho kweli ni Ol Doinyo Lengai, mbali huko karibu na Ziwa Natron; mwaka 2007 matetemeko yake yalisikika mpaka mjini. Kwa mpangaji wa miaka miwili mitatu, ningeogopa korongo na kisima kabla ya volkano.

Swali (mfanyabiashara, Dar): Uwanja wa AFCON 2027 uko Olmoti. Si ndiyo pa kuwahi kiwanja sasa hivi?

Jibu: Ndugu yangu, waliowahi waliwahi zamani. Bei iliyopo sasa ina uwanja ndani yake tayari. Ukienda kama mpangaji, jipange kwa kelele siku za mechi na mwenye nyumba anayepandisha kodi kila akisikia taarifa ya habari. Weka kwenye mkataba kwamba kodi haibadiliki kwa muda mliokubaliana. Habari za kununua nimeshasema kwenye hatua ya 7.

Swali (mwalimu mstaafu, Songea): Nataka mji wa mlimani wa kupumzikia. Kwa nini niende Arusha, nisiende Moshi au Mbeya?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Kama magoti yanauma kwa baridi, Moshi ni bora, iko chini sana kuliko sisi na ina joto, na Kilimanjaro unaiona alfajiri kabla mawingu hayajapanda. Mbeya iko juu zaidi, karibu mita 1,700, mwezi wa saba ni makoti mawili. Ila chakula ni tele na kwa mtu wa Songea si ugenini. Arusha ina hospitali na wageni wengi, na gharama zinafuata wageni. Mzee, njoo ukae mwezi mmoja kwa ndugu kila mji kabla ya kuamua. Wewe sasa muda unao.

Swali (mama wa nyumbani, ametoka Lindi, yupo Sakina wiki ya tatu): Dada samahani, swali langu dogo. Maharage yangu hayaivi. Napika kwa saa tatu nzima, gesi inaisha. Jirani kaniambia niweke magadi.

Jibu: Swali si dogo, ni la kila mgeni kutoka pwani. Kwenye mwinuko wetu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, yanaishia kama 95, kwa hiyo sufuria inatokota lakini joto ni pungufu. Magadi yanalainisha kweli, jirani hakukudanganya, lakini magadi ya huku nayo yana floridi. Utakuwa umenunua maji mazuri halafu unayatia kijiko cha kilekile ulichokikimbia. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, bandika kwenye sufuria ya presha. Na usinunue maharage ya gunia lililokaa, yale hata uyahubirie. Nenda Tengeru Jumamosi, au Ngaramtoni Alhamisi, uulize ya msimu huu. Yang'ate mawili kwa meno kabla hujalipa. Likibaki na alama ya jino ni jipya.